Mfuniko Uliofunguliwa Kivukoni

Harufu ya majani makavu ya mgomba yaliyopashwa moto hunipandisha hasira hadi leo. Majani hayo ndiyo tuliyofungia vyungu msimu ule Wajerumani walipokuwa wakileta reli Morogoro. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, na mimi, binti mkubwa, niliacha shule ya misheni mapema nikahamia kwa mama mdogo pamoja na wadogo zangu wawili. Mama mdogo alipikia kambi ya vibarua wa reli. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha sote.

Chungu cha maharage na nyama kilishushwa ndani ya tenga kingali kinachemka. Mfuniko ulizibwa pande zote kwa ugali mbichi, kisha pumba za mpunga zilizopashwa moto zikashindiliwa ubavuni na majani yakafungwa juu. Tulishuka mlima asubuhi, na filimbi ya chakula ilipolia alasiri, mvuke ulikuwa bado unaunguza vidole. Mama mdogo alikuwa na sharti moja: chungu kikifunguliwa njiani, kinaliwa hapo hapo au kinarudi motoni.

Siku moja nyapara wa kambi alitukuta kwenye kivuko cha mto Ngerengere, kiboko kwapani.

"Shikamoo, bwana nyapara."

"Tueni. Nataka kuonja."

"Utaonja kambini, baba," mama mdogo akasema. "Hapa kitapoa."

"Kipoe, kwani kina homa?" Akacheka peke yake, akabandua ugali kwa kisu.

Alikaa juu ya jiwe akachagua nyama taratibu, chungu baada ya chungu. Mama mdogo alimwomba tukoke moto pale ukingoni tuchemshe upya. Akakataa. Kambini aliamuru vyungu vilivyo wazi vikae juani mpaka filimbi. Mama mdogo alipowaonya vibarua wasile, nyapara alimfukuza kwa kiboko, na watu wale, waliokuwa wamebeba vyuma tangu alfajiri, wakala. Kesho yake kambi nzima ilikuwa inatapika na reli haikusogea.

Mzungu msimamizi alitaka kujua sababu, na mkalimani alikuwa nyapara yule yule. Mama mdogo alieleza kirefu, akionyesha kwa mikono mfuniko, kivuko, jua. Nyapara akayageuza yote hayo kuwa maneno mawili matatu ya Kijerumani. Mzungu hakuuliza tena. Mama mdogo alilazwa kifudifudi akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya watu aliowapikia. Niliwaziba macho wadogo zangu. Mimi nilitazama mpaka mwisho. Upishi ukapewa shemeji yake nyapara, nasi tukamaliza msimu kwa mihogo na majani ya kunde. Mama mdogo aliingia kaburini bila mtu kumtaka radhi.

Siku hizi wajukuu zangu husafirisha chakula cha arusi kwa gari, masufuria yamefungwa mablanketi, na hunicheka ninapokagua kila fundo. Juzi tulikuwa tukipeleka pilau Mzumbe. Mheshimiwa mmoja, mgeni wa arusi hiyo hiyo, alitusimamisha njiani, akanyoosha mkono kwenye sufuria. Nikaweka kiganja changu juu ya mfuniko.

"Bibi, kidogo tu. Mimi si mwizi."

"Utakula na wenzako, mwanangu."

Alicheka, akidhani natania. Tofauti niliyoiona kati yake na yule wa kivukoni ni kwamba huyu hakuwa na kiboko. Gari likaondoka, na kiganja changu kilikaa pale pale juu ya mfuniko mpaka Mzumbe.