Punda Milia wa Matamba na Lengalenga

Ukuta wa nje wa parsele yetu, kiwanja cha nyumba tuliyopanga, ulikuwa mweupe kwa jina tu. Vumbi jekundu la barabara lilikuwa limeupanda hadi kiunoni, na juu yake ilibaki nafasi pana iliyonisumbua kila nilipotoka. Mimi nilikuwa naona punda milia pale. Mama, mzaliwa wa Mitwaba, alitusimulia punda milia wa kwao tangu tukiwa wadogo, na sijawahi kumwona hata mmoja.

Mwenye nyumba yeye alikuwa anaona tangazo la bia.

"Bale ba bia banataka kupaka rangi yao hapa," aliniambia nilipomweleza punda wangu wa majani. "Lakini jaribu kwanza. Mvua ikikolea nitakuja kuona. Kama haiko muzuri, banapaka."

Nilifurahi kama mtu aliyepewa nyumba nzima! Nikashona magunia ya makala, yaani mkaa, kuwa mifuko midogo, nikaijaza udongo wa kichuguu na samadi ya kuku, nikaitundika ukutani kwa waya toka juu hadi chini. Maua ya kununua sikuyaweza. Mistari ya kijani nikapanda matamba, yale majani ya viazi vitamu. Mingine nikaweka lengalenga nyekundu, ule mchicha wa kwetu. Mvua zikaanza. Asubuhi moja nikatoka na mswaki mdomoni, na punda alikuwa amesimama! Shingo, masikio, mgongo, vyote vinatikisika kwa upepo. Pikipiki zilipunguza mwendo. Mama akasema wale wa Mitwaba hawakuwa na tumbo kubwa hivi, lakini akarudi kumtazama mara tatu.

Siku chache baadaye nikakuta tako halipo, na miguu ya nyuma pia. Jirani yetu muuza makala alikuwa mlangoni kwake anachambua majani, hata hakujificha.

"Mama! Umekula punda yangu!"

"Asha, mutoto wangu, si mboga? Bageni banafika gafula, mboga inaning'inia pale. Ulitaka tuiangalie tu na njaa?"

"Mwenye nyumba anakuja! Atakuta punda ya miguu mbili!"

"Umwambie zingine tulizipika."

Nilikaribia kulia. Lakini kila shina alilokata lilichipua matawi mawili matatu, na lile tako likarudi limenona kushinda upande wa mbele, ambao ulikuwa umerefuka ovyo kama nywele zisizosukwa. Nikaenda mwenyewe kubisha kwake.

"Mama, njoo ukate na mbele."

Akaja na wenzake wawili na meza ya kupandia. Mimi nilisimama chini nikielekeza kwa fimbo: tumboni chukueni, mkia acheni, sikio msiguse!

Ndivyo mwenye nyumba alivyotukuta. Alisimama ng'ambo ya barabara, mikono mgongoni.

"Sasa hii nyama," akasema mwishowe, "banaikulaka?"

"Sisi bote, papa," muuza makala akajibu kutoka juu ya meza.

"Na mimi mwenye ukuta?"

Akamshushia fungu la shingo, mbichi, lenye umande bado. Mzee akalinusa, akalitia kwapani.

"Bale ba bia batafute ukuta ingine."

Niliruka, fimbo ikaniponyoka. Naye kabla hajafika kona akageuka, akapaza sauti mbele ya mtaa mzima:

"Wewe mutoto! Ile mgongo, juma lijalo bantu basiiguse. Iko yangu!"