Nusu ya Juu ya Ukuta

"Shangazi, hicho kidonge kinajuaje njia ya kichwani, na wewe umekimeza kikaenda tumboni?"

Mpwa wake alipouliza hivyo alikuwa kibogoyo, anangoja meno ya mbele. Shangazi, fundi rangi, alicheka mpaka maji yakamtokea puani. "Nenda kacheze huko, mdomo cherehani!" Jibu hakulijua.

Kifafa kilimwanza ujanani, na daktari akampiga marufuku ngazi. Basi akawa fundi wa nusu ya chini: hupaka mkono unapofikia, juu akamalizia mwenzake, Twiga, mrefu hata milango inamwogopa. Rangi zao zilipokutana, vita.

"Mstari wako umepinda kama mkia wa mbwa!"

"Wako umenyooka kwa sababu huko chini hakuna upepo!"

Ila roho ya Shangazi ilikuwa darini.

Vidonge vikamkubali, kifafa kikapotea. Naye akawaza kifundi: rangi ikishakauka, brashi ya nini tena? Akaviacha kimyakimya. Haukupita muda, puu! Akaanguka na ndoo ya njano. Twiga akaisogeza ndoo, akamlaza ubavu, akangoja. Alipozinduka, kichwa kizima njano.

"Huo mkono wa kwanza wa rangi, dada. Wa pili tupake lini?"

Walipomsimulia, daktari hakucheka. "Seli za ubongo huongea kwa cheche za umeme, kwa zamu. Kifafa ni pale zinapopayuka zote kwa pamoja. Dawa inazituliza tu, haing'oi kifafa. Ukiiacha ghafla, fujo inarudi, pengine kwa hasira zaidi."

"Kumbe kama kumnyamazisha Twiga! Nikigeuka tu, kaanza."

Hapo daktari akacheka.

Shangazi akarudi kumeza vidonge, asubuhi na jioni. Miaka ikapita bila kuanguka, hadi juzi daktari akasema: "Panda. Ila vidonge usiache."

Loo! Shangazi alipanda huku akicheka, ngazi nayo ikatetemeka kwa kicheko chake. Twiga kaishika chini kwa mikono miwili. Mpwa, sasa mwanafunzi wa sekondari, katoa macho. Shangazi akaligusa dari kwa kiganja.

"Mama yangu! Twiga, kumbe miaka yote unapaka juu ya utando wa buibui!"

"Shuka!"

"Sishuki!"

Kisha akamwinamia mpwa wake. "Wewe mdomo cherehani, uliniuliza kidonge kinajuaje njia. Hakijui! Kinaingia kwenye damu, kinazurura mwili mzima kama mgeni anayetafuta choo, mpaka kinafika kichwani, kinazikuta kelele, kinasema: haa, kumbe nilikuwa naitwa huku!"