Mjane Wangu wa Amerika na Baridi ya Julai

Kwa miaka minne sasa ninaandika habari za mwanamke ambaye hajawahi kuishi. Ni mjane, ni mcha Mungu, na anakaa Amerika ya zamani sana, wakati wageni wa kwanza kutoka ng'ambo ya bahari walipokuwa bado wanakata miti ili wapate mahali pa kulala. Mimi mwenyewe sijafika Amerika. Nilizaliwa Uvira, nimezeekea Johannesburg, na mjane huyo ninamwandika kwenye madaftari yenye jalada gumu ninayonunua kwenye spaza, duka dogo la mtaani kwetu, La Rochelle. Yamefika kumi na moja.

Watu huniuliza kwa nini Amerika. Nilipokuwa msichana katika shule ya Biblia, mwalimu wetu wa historia ya kanisa alitusimulia juu ya watu waliopanda merikebu ili wakamwabudu Mungu kwa namna waliyoiona sawa, wakashuka kwenye nchi isiyo yao wakiwa na Biblia, mbegu na hofu. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Miaka mingi baadaye niliposhuka kwenye basi hapa mjini nikiwa na Biblia, sufuria moja na hofu, nilimkumbuka mwalimu yule. Nikijaribu kuandika ya kwetu Kongo, mkono unakuwa mzito. Nikiandika ya mjane, ninasema yote ninayoyajua juu ya ugeni, na daftari linabaki kavu.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri ninawasomea akina mama wa kikundi chetu cha maombi sura moja. Tunakutana kwenye chumba cha mshonaji wa kikundi, mjane kutoka Fizi, kwa sababu ana viti na kwa sababu vitambaa vyake vinazuia kelele za barabarani. Yeye huzima cherehani. Msusi wa jirani huja na mteja wake, maana hawezi kumwacha na kichwa nusu, na kazi ya kusuka inaendelea kimyakimya huku nikisoma. Wasioweza kufika hutumiwa sauti yangu kwa simu. Wote huniita Koko, yaani bibi, hata wale wenye wajukuu wao.

Ni wasikilizaji wagumu. Nilipofika pale wenyeji wa nchi ile wanapotoka msituni na kuwakuta wageni wamejenga bila kuuliza, msusi alinikatiza.

"Koko, wenyeji waliwaita makwerekwere?"

Hilo ndilo jina tunaloitwa sisi wageni hapa tunapotukanwa. Chumba kizima kilicheka, hata mteja aliyekuwa ameshikwa nywele. Lakini niliporudi nyumbani nililifikiria swali lile kwa siku mbili, kisha nikaongeza mwanamke mwenyeji ambaye anamkuta mjane akipanda mahindi vibaya, anasimama, anamtazama kwa hasira ya haki kabisa, halafu anachuchumaa na kumwonyesha jinsi ya kuzika samaki chini ya mbegu ili udongo upate nguvu. Sura hiyo ilipendwa kuliko zote.

Hata hivyo kulikuwa na jambo sikuliona mapema. Katika kikundi chetu, mtu akisimama na kusimulia matendo ya Mungu, huo ni ushuhuda. Siku ya kwanza nilisema wazi kwamba hii ni hadithi, nimeitunga. Lakini siku ya kwanza nani husikiliza? Waliitikia Amina. Kufikia daftari la tatu, mjane wangu wa kutunga alikuwa kwenye orodha ya maombi, kati ya mtoto mwenye pumu na ndugu anayetafuta kazi Sandton. Msusi alifunga kula siku tatu kwa ajili yake. Nilipaswa kuwasahihisha siku hiyohiyo. Nakiri kwamba nilifurahi. Ni mwandishi gani ambaye mtu wake wa kutunga hufungiwa saumu?

Mshonaji ndiye aliyemshika mjane kwa mikono miwili. Miaka mingi alikuwa na faili la kuhamishiwa Amerika kama mkimbizi, na faili hilo lilikuwa limelala hata yeye akalisahau. Kisha likaamka. Akaitwa, akaulizwa maswali, akapimwa kifua, akaambiwa kwamba anaweza kusafiri Januari. Aliogopa kitu kimoja tu. Mwaka wake wa kwanza hapa alikuwa ameshikwa na baridi mpaka akalazwa, na tangu hapo kila Mei akiona majani yamekauka na kuwa manjano huanza kukohoa kabla hata baridi haijafika. Aliniomba nimsomee tena sura ya baridi, yeye peke yake. Nilimsomea mara mbili, pamoja na maombi ya mjane ya usiku wa baridi. Alihesabu kwa vidole akiwa ameinama juu ya meza ya kukatia.

"Kwa hiyo nikifika Januari ni joto."

"Ndivyo nilivyoandika," nilisema.

"Halafu nina miezi mitano ya kujizoeza."

Akatia sahihi. Akalitoa koti lake zito, akampa msusi.

Sasa niseme kosa langu. Uvira hatukuwa na majira ya baridi. Baridi ya kweli, ile ya kuamka maji yameganda kwenye ndoo, nimefundishwa na Johannesburg, na Johannesburg hufundisha kwamba baridi ni Juni na Julai. Kwa hiyo wageni wangu wa Amerika walishuka Septemba miti ikitoa maua, wakapanda mahindi Oktoba na mvua ya kwanza, Desemba na Januari wakala mahindi mabichi juani, na Julai wakateseka kwenye theluji. Nakumbuka kabisa mwalimu wetu alisema walifika Desemba ardhi ikiwa imeganda. Nilidhani kumbukumbu yangu imezeeka, nikaisahihisha.

Jumamosi moja ya Novemba, mvua ya mawe ilikuwa imetoka kupiga mabati, mshonaji aliingia kwenye chumba chake mwenyewe kama mgeni, akakaa kiti cha mlangoni. Ijumaa alikuwa amekwenda kwenye mafunzo ya wasafiri.

"Koko, jana nimechekwa."

"Na nani?"

"Na ukumbi mzima. Mwalimu alisema makoti tuyaweke juu kabisa ya sanduku, kwa kuwa Januari tutashukia kwenye theluji. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, dada, samahani, Januari kule wanakula mahindi. Koko wetu ameandika."

Msusi aliacha kusuka. "Ulisema hivyo? Mbele ya mataifa yote yale?"

"Nilisema. Akaniuliza Koko ni nani, ni profesa? Nikajibu ni mzee wa kanisa."

"Eish," alisema msusi, akafuta mikono, akatafuta kwenye simu yake jina la mji ambao mshonaji anapelekwa. Akatuonyesha picha za Januari. Magari yalikuwa yamezikwa hadi madirishani. Mtu mmoja kwenye picha alikuwa anachimba njia kwa koleo kutoka mlangoni kwake, kama anachimba kaburi jeupe. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Waliponiuliza kama niko tayari kwenda Januari," mshonaji aliniambia polepole, "nilijibu ndiyo kwa sababu ya mjane wako. Basi kama baridi yake umeikosea, na maombi yake je? Nayo umeyaweka tu?" Akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa tayari kimekunjwa. "Jumatatu nakwenda kuwaambia wanifute. Kifua changu nakijua."

Kikundi chetu kina desturi. Aliyekosea husimama katikati, huvua kilemba, husema kosa lake bila kulizungusha, na hakuna anayeruhusiwa kumjibu mpaka wimbo mmoja uimbwe hadi mwisho. Nimewasimamisha wengi katikati ya chumba kile, kwa upole, lakini nimewasimamisha. Siku ile nilisimama mwenyewe. Nilivua kilemba, na nywele zangu nyeupe zikaonwa na watu wote.

Nilisema nimehamisha majira ya baridi ambayo Mungu aliyaweka mahali pake, kwa sababu nilidhani dunia nzima inapata baridi pamoja na Johannesburg. Nilisema pia kwamba mjane hakuishi kamwe, kwamba niliwaacha wamwombee kwa kuwa ilinipendeza, na kwamba naomba msamaha kwa yote mawili.

Wakaanza wimbo. Ulikuwa na beti nne. Msusi alivumilia mbili.

"Nimefunga siku tatu kwa ajili ya mtu wa daftari?"

"Mbili," mshonaji alimjibu bila kuinua macho. "Ya tatu ulikula vitumbua. Nilikuona karibu na robot, pale kwenye taa za barabarani."

"Vilikuwa viwili tu."

Wimbo haukumalizika. Mteja wa msusi alicheka mpaka msuko mmoja ukafumuka, na mimi katikati, kichwa wazi, nilicheka pamoja nao huku machozi yakinitoka. Lakini mshonaji hakuwa amecheka sana. Alikuwa ananitazama, anangoja jibu la swali lake.

"Maombi sikuyatunga," nilimwambia. "Ni ya kwangu. Niliyaomba hapahapa mjini, mtaa wa Troyeville, mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Julai, kwenye chumba ambacho dirisha lake lilikuwa na karatasi badala ya kioo. Ndiyo maana baridi ya kitabu ni ya Julai. Nilimpa mjane baridi yangu na maombi yangu pamoja. Baridi nilimpa ya nchi nyingine. Maombi ni yaleyale, neno kwa neno."

Aliweka chini kitambaa alichokuwa anakunja. "Na ulipona vipi?"

"Mama wa Kizulu mwenye nyumba aligonga. Alikuwa amenikasirikia kwa sababu ya kodi ya chumba, nikajua amekuja kunitoa. Akatazama dirisha, akaondoka, akarudi na magazeti na chupa ya maji ya moto. Akanionyesha kuweka magazeti kati ya blanketi mbili."

"Kumbe ndiye yule wa samaki," alisema msusi.

"Ndiye."

Mshonaji alisimama, akaenda kwenye meza yake. Nilidhani anaenda kuwasha cherehani, kwamba maongezi yamekwisha na Jumatatu ni Jumatatu. Badala yake alivuta kipande cha kitambaa kizito, akakipima kwa kiganja.

"Magazeti yanapasuka usiku wa pili," alisema. "Na watu wale wa zamani walipata wapi magazeti? Huyo mama mwenyeji amwambie akusanye nyasi kavu. Ashone blanketi mbili ziwe mfuko, ajaze nyasi, halafu apige mishono katikati, hivi na hivi, ili nyasi zisikimbilie miguuni. Usipopiga mishono ya katikati, Koko, mjane atakufa kwa baridi ya mgongo."

"Asubiri Julai?" aliuliza msusi.

"Julai gani? Anashuka merikebu Desemba. Kwenye theluji. Aandikwe kama ilivyo." Alinigeukia. "Andika."

Niliandika. Nilikaa kwenye kiti cha mteja, kilemba kikiwa bado mapajani, nikaandika kwa haraka kuliko nilivyowahi kuandika. Kila mmoja alitoa alichokijua. Msusi alisema jiwe lipashwe moto, lifungwe kitambaa, liwekwe tumboni. Mteja, ambaye hatukuwa tumemjua hadi siku ile, alitoka Bujumbura na alisema wanawake wawili walale kitanda kimoja na wasione haya. Mshonaji alisema kifua kipakwe mafuta na kisitiriwe kabla ya kutoka nje, si baada ya kutoka. Alisema mambo ambayo mtu huyasema tu kama ameugua na kupona. Kufikia saa kumi na moja, madaftari yangu matatu ya zamani yalikuwa yamekufa, na mjane alikuwa hai kwenye theluji hadi shingoni.

Jumatatu mshonaji alikwenda ofisini kwao kama alivyosema, lakini alikwenda kuuliza kama mtu anaruhusiwa kubeba blanketi nene nje ya sanduku. Walimruhusu. Wiki zilizobaki aliishona, mishono ya katikati ikiwa imenyooka kama mistari ya daftari. Hakuijaza nyasi. Aliweka pamba na mabaki ya vitambaa vya nguo alizotushonea sisi sote, na mimi nilimwona akiweka kipande cha kitenge changu cha kijani. Msusi alirudisha koti.

"Nimelivaa majira yote," alionya. "Lina harufu ya dawa ya nywele."

"Theluji itaiua," mshonaji alisema.

Aliondoka wiki ya pili ya Januari, siku ya jua kali, matunda ya pichi yakiuzwa kila kona, amevaa koti hadi uwanja wa ndege kwa kuwa halikuingia kokote. Watu walimtazama. Hakujali. Tulimwombea mlangoni, sisi na yeye, na kwa mazoea msusi akamtaja na mjane wa daftari. Hakuna aliyemkatiza. Nilimwomba Mungu, kimoyomoyo, anisamehe hilo pia, na sidhani kama alikasirika.

Sasa tunasomea saluni, kwa kuwa chumba cha mshonaji kimepangishwa kwa fundi wa simu. Jumamosi ya pili ya Februari, kabla sijafungua daftari, ujumbe wake wa sauti uliingia kwenye simu ya msusi. Aliiweka juu ya meza, kati ya vitana, tukainama.

"Koko, nimefika, kifua kiko salama. Blanketi inafanya kazi, ila usiku wa kwanza niliongeza koti juu yake. Sasa sikiliza, kuna kosa. Umeandika theluji inaanguka ikivuma. Hapana. Ikianguka haina sauti kabisa. Unaamka, unadhani umekuwa kiziwi. Rekebisha hapo. Halafu jirani yangu, mama mmoja mzee wa hapahapa, aligonga akiwa na koleo. Nilidhani amekuja kugomba. Alikuja kunionyesha jinsi ya kuchimba njia bila kuumiza mgongo. Hatuelewani lugha. Amenusa koti, akashika nywele zake, nadhani aliuliza kama mimi ni msusi. Nikaitikia kwa kichwa. Sasa anataka nimsuke Jumamosi."

Msusi aliweka mikono kiunoni. "Yule hawezi kusuka hata kamba."

Nilifungua daftari, nikakata mstari wa theluji inayovuma, nikaandika juu yake kwamba haikuwa na sauti. Kisha nikauliza kama kwenye sura ya mwenyeji niondoe samaki, niweke koleo.

"Acha vyote viwili," alisema msusi, akirudia kichwa cha mteja. "Soma."