Wali wa arobaini ya Mwanvua

Babu yangu Alimasi anafanya kazi kwenye uwanja wa ndege wa Kasongo. Akitandaza kitambaa cheupe kwenye majani, ndege inashuka. Akitandaza chekundu, inazunguka juu, ikingoja mpaka ile ya mbele itoke njiani. Siku moja nilimuuliza mbona zisifuatane tu kama mitumbwi ya mtoni Nyangwe. Akacheka: "Mutumbwi unaweza kusimama, mujukuu. Ndege itasimama wapi?"

Kanuni yake ni moja: iliyofika mbele ya nyingine, ishuke mbele.

Sikukuu ya Wabeleji wanaotutawala, ndege zilikuja nyingi. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya misheni, imembeba Mwanvua kutoka Kabambare, uchungu wa kuzaa umemshinda. Babu alijua, habari ilikuwa imefika asubuhi. Lakini nyuma yake ikatokea ya mkubwa wa serikali, na Mzungu wa uwanja akasema, "Bwana mukubwa kwanza."

Babu akatandaza chekundu. Ile ndogo ikapanda tena. Mkubwa akashuka kwa cheupe, ngoma zikalia, watu wakajaa njiani kumsalimu, na ndege yake ikabaki palepale katikati ya njia. Ile ndogo ikazunguka, ikazunguka. Mwanvua alipofikishwa hospitali, mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni.

Tangu hapo Babu hapiti sokoni, maana duka la mume wake Mwanvua liko pale.

Jana Mwanvua mwenyewe alikuja kwetu na wali na samaki.

"Ee, muzee," Bibi Waridi, mke wake, akamtania Babu, "siku hizi unapikiwa na bibi za watu."

Mwanvua akatabasamu kidogo. "Nimetoka arobaini, baba. Rubani alisema ni wewe ulitungojesha juu, tusigongane. Nikasema nikushukuru wa kwanza."

Chakula kama hicho hakikataliwi. Kukikataa ni kumtukana mama aliyefiwa. Mwanvua akainua birika amnawishe. Babu hakutoa mikono.

"Mwanangu," akasema, "wewe ulifika mbele. Njia ilikuwa wazi. Nilipitisha mukubwa sababu niliogopa kazi yangu."

Mwanvua alibaki ameinama, birika mkononi. Kisha akaiweka chini, akafunika sahani, akaibeba. "Huu nilipikia mutu aliyenichunga," akasema, akaenda zake.

"Ungekula tu," Bibi akanong'ona. "Nani angejua?"

Mngurumo wa ndege ulianza kusikika upande wa Kabambare. Babu akachukua vitambaa vyake viwili, akatoka na njaa.