Koti Nililolipitisha

Kazi ya kukagua makoti niliipata kwa sababu ya mlima ambao sijawahi kuupanda. Siku ya kwanza nilisimama katika karakana moja ya mtaa wa Kangle, hapa Guangzhou, Uchina, cherehani zikinguruma pande zote, na laoban, ndivyo tunavyowaita mabosi wa hapa, akaniuliza ninatoka wapi. Nikasema Moshi, Tanzania. Hakuelewa. Nikamtolea kalenda ndogo ya mfukoni yenye picha ya Kilimanjaro.

"Theluji!" akasema. "Basi wewe unajua baridi. Utakagua makoti ya baridi."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miguu iliyochoka kutafuta kazi. Ningeweza kumwambia kwamba kwetu theluji tuliitazama kutoka migombani, kama mtu anavyoutazama mwezi. Sikumwambia. Makosa yangu yote yalianzia kwenye ukimya huo.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo, sikilizeni inavyotakiwa kufanywa. Mkaguzi huchagua katoni mwenyewe, za chini na za nyuma ya rundo, kwa sababu karakana huweka kazi nzuri juu. Kila koti hulilinganisha na sampuli mama, yaani koti moja lililotiwa lakiri ambalo mnunuzi amelikubali. Huvuta mishono, hufunga na kufungua zipu. Mwisho hupiga muhuri: wa kijani kupitisha, mwekundu kukataa. Muhuri wangu mwekundu wino wake ulikauka kwa kukosa kazi.

Jaribio la baridi nililibuni mwenyewe. Jirani yetu muuza samaki alikuwa na chumba cha kugandishia. Nilivaa koti, nikasimama humo dakika kumi kati ya maboksi ya kamba na ngisi, nikatoka nikaandika "linafaa". Chumba kile hakikuwa na upepo, na mlango ulikuwa hatua tatu. Hilo ndilo lililoitwa jaribio, na hakuna aliyelihoji, hata mnunuzi.

Mnunuzi mwenyewe tulimpata kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou. Alikuwa na maduka huko kaskazini ya mbali ya Kanada, kwenye vijiji vya Wainuit, na alitaka mtu wa karakana aje aone bidhaa ikivaliwa. Mkuu wa Mauzo, mama wa Mombasa asiyejua kusema polepole, akanichagua mimi.

"Mchaga, nenda kwenu kwenye barafu," akaniambia. "Na urudi na oda, si mafua."

Nilibadilisha ndege mara nne, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Ya mwisho ilitua mahali pasipo na mti hata mmoja. Nyumba chache za mbao, bahari iliyoganda, na weupe usio na mwisho. Nilishuka na koti langu la Kangle, na kabla sijafika kwenye kibanda cha uwanja, nywele za bandia za kofia yake zilikuwa zimegandana na ndevu zangu.

Nilifikia kwa Joanasi, mwindaji, na mkewe Aani, mshonaji. Aani alilivua koti langu, akaligeuza nje ndani, akaibonyeza zipu kwa ukucha.

"Nani aliyesema hili linafaa?" akauliza.

"Mimi."

"Ulikuwa wapi uliposema?"

Sikumwambia habari za samaki.

Asubuhi yake Joanasi alikuwa anipeleke kambi yake ya uwindaji, safari ya saa nyingi, yeye akiendesha pikipiki ya theluji na mimi nyuma kwenye kigari cha kuburuta. Aliniona ninavyotetemeka mlangoni. Akavua koti lake la ngozi ya kulungu wa kaskazini, alilokuwa ameshonewa na Aani, akanivika.

"Na wewe?" nikauliza.

"Nitavaa la kwako. Si umelikagua?" Akacheka. "Mgeni akifa kwangu, mke wangu hatanipikia tena."

Aani hakucheka.

Katikati ya safari upepo ulipanda. Zipu ilipasuka kifuani mwake kama kioo, kwa sababu plastiki ile ilikuwa imegeuka ngumu kwa baridi. Joanasi alivua glavu kuifunga kwa kamba. Kila akifunga, kamba ilimponyoka. Mimi nilikuwa nyuma, nimefunikwa joto lake, nikidhani amesimama kutazama njia. Tulipofika kambini, vidole vinne vya mkono wake wa kulia vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Havikupona. Daktari alivikata.

Niliporudi Kangle niliandika taarifa ya kweli: zipu ya plastiki haiwezi baridi ile, iwekwe ya chuma yenye meno makubwa. Mkuu wa Mauzo aliisoma mara moja tu.

"We Eli, usinichoshe. Andika mtumiaji hakufunga zipu ipasavyo."

"Mama, mtumiaji alikuwa amevaa koti langu. Mimi nilikuwa nimevaa lake."

"Hayo ya nani kavaa la nani hayana safu kwenye fomu. Tia sahihi."

Nikatia sahihi. Sikushikiwa kisu. Niliogopa kurudi kutafuta kazi, basi. Makontena yakaendelea kuondoka bandari ya Nansha na zipu ileile, miaka na miaka, na muhuri wa kijani ulikuwa wangu. Nina hasira na watu wanaoketi kwenye joto wakiamua baridi ya wengine. Wa kwanza katika orodha hiyo ni mimi.

Mwezi uliopita nilistaafu. Waliniandalia keki karakanani, na laoban, mtoto wa yule wa kwanza, akanipa zawadi: koti jipya la oda ya kaskazini, mzigo uliokuwa ukingoja lori mlangoni. Watu wakapiga makofi. Nikaifunua lebo mpya, nikaibonyeza zipu kwa ukucha, kama Aani. Plastiki.

Hadi jioni ile muhuri ulikuwa bado wangu. Nikaomba karatasi ya mzigo. Muhuri mwekundu ulikuwa mkavu kabisa, nikaandika kwa kalamu: "Umekataliwa. Zipu." Keki ikabaki mezani. Sijui kama aliyenirithi kesho yake aliupitisha mzigo ule, pengine ndiyo.

Laoban alijaribu kulifanya mzaha. "Mzee Eli, hata siku ya kuagwa unakagua?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza," nikamjibu.