Timu ya Nje

Fomu ya mashindano ya mpira wa pete ya shule ilikuwa karatasi moja tu, nakala iliyofifia upande wa kushoto, nami niliijaza nikiwa nimesimama, nimeiegemeza kwenye mgongo wa mwenzangu. Nilikuwa kidato cha tatu. Shule yetu ilikuwa upande wa Endasak, kwenye miteremko ya Hanang, na madam wetu wa michezo alikuwa anatuharakisha ili awahi gari la kwenda Katesh kuzipeleka. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kidato, nafasi unayocheza. Nikaandika MFUNGAJI kwa herufi kubwa, maana nilikuwa na majivuno yangu. Swali la mwisho lilisema: "Je, umesajiliwa na timu yoyote ya nje?"

Nilicheka. Timu ya nje, mimi ambaye hata Babati nilikuwa sijafika! Kwetu ukisikia fulani yuko nje, ujue amepanda ndege. Mtoto wa mchungaji alikuwa nje akisoma. Ng'ombe wa maziwa wa yule bwana mwenye trekta walikuwa mbegu ya nje. Nikadhani wakubwa wanataka kujua kama kuna msichana anayechezea Kenya au Uingereza. Nikaandika "Hapana", kisha kwa kiherehere changu nikaongeza: "Sina hata pasipoti." Ndivyo nilivyo, nikiulizwa neno moja najibu matatu. Madam akazikusanya fomu bila kuzisoma na akapanda gari.

Kumbe timu nilikuwa nayo. Jumamosi nilikuwa nafuatana na mama kwenda Katesh kuuza maharage, na nyuma ya soko kuna kiwanja cha vumbi ambako wanawake wa mjini walikuwa wanacheza mpira wa pete. Timu ilikuwa ya mama mmoja muuza vitenge, Mwislamu, ambaye wazazi wake walihamia Katesh kutoka Kondoa na kuanza na kibanda kimoja. Yeye mwenyewe alishanenepa, hawezi tena kukimbia, lakini akisimama pembeni sauti yake ilitosha kumrudisha mchezaji kwenye nafasi. Siku moja mfungaji wao hakutokea, akaniona nimeshika uzio nawakodolea macho.

"We binti wa maharage," akaniita, "unaweza kurusha?"

Niliweza. Upepo wa Katesh unawashinda wageni, wanarusha mpira kwenye pete unaishia kwa wauza nyanya. Mimi nilizaliwa nao. Nilijua kuusubiri upungue kidogo ndipo nirushe. Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wake. Alinipa raba zangu za kwanza za michezo, akanifundisha kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba, akaja mpaka nyumbani kumwomba baba ruhusa, na baba akakubali kabla hata hajamaliza chai. Tulicheza Gendabi, ng'ombe wakipita pembeni ya uwanja na mwamuzi akisimamisha mchezo wapite kwanza. Tulicheza Dongobesh, tulicheza Mbulu mjini. Halafu akachukua picha zangu mbili ndogo, akanisajili kwenye ligi ya mkoa, nikaweka saini pale aliponionyesha. Kwangu mimi hiyo ilikuwa timu ya mama wa vitenge. Ni ya Katesh, itakuwaje ya nje?

Jumamosi moja, baada ya fomu kupelekwa na kabla mashindano ya shule hayajaanza, nilikuwa dukani kwake namsaidia kukunja jezi. Nikamsimulia kile kichekesho. Nikamwambia wametuuliza kama tunachezea nchi za nje, nami nimewajibu sina hata pasipoti. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu kicheko kikakatika.

"Ebu rudia. Wameandika nchi za nje, au timu ya nje?"

"Timu ya nje, mama."

"Nje ya shule, mwanangu. Nje ni hapa kwangu."

Nilibaki nimeshika jezi mikono yote miwili. Akanieleza pole pole, maana alikuwa amezizunguka hizo ligi miaka mingi. Mwanafunzi ambaye jina lake liko kwenye ligi ya wakubwa haruhusiwi kuichezea shule. Akigundulika wakati mashindano yanaendelea, na ikaonekana alificha kwa kujua, shule nzima inafungasha.

"Jumatatu asubuhi, kabla hata ya paredi, nenda kwa mwalimu wako," aliniambia. "Mwambie ulikosea kusoma. Atakutoa wewe, wenzako watacheza. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilikuwa na siku moja na nusu ya kujiandaa, na nilijiandaa kweli. Njiani kwenda shule Jumatatu nilirudia maneno yangu kwa sauti mpaka mtu wa bodaboda akageuka kuniangalia. Nikafika, nikamkuta madam anabandika orodha ya wachezaji saba kwenye mlango wa ofisi. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema, "wewe ndiye tegemeo langu, sina mfungaji mwingine." Na kweli hakuwa naye. Aliyekuwa wa akiba alikuwa mrefu kuliko wote shuleni lakini mikono yake haikujua pete iko wapi. Nilifungua mdomo nikasema, "Asante, madam."

Naandika hili na bado najikasirikia. Watu hudhani uongo ni kitu unachokaa ukakipanga. Mimi wangu ulikuwa asante.

Wiki ile sikula vizuri. Kila nilipoona gari geni getini nilijibanza nyuma ya darasa. Mama yangu alidhani nina minyoo, akanipa dawa. Usiku nilihesabu watu waliowahi kuniona na jezi ya mama wa vitenge, na kila nikimaliza Gendabi nakumbuka Dongobesh. Nilikuwa na hasira pia, hasira na ile kanuni. Shule ilikuwa na mpira mmoja uliovimba upande. Kila nilichojua nilikijua kwa sababu ya yule mama, na sasa kujua kwangu ndio kosa langu. Nilijiambia kwamba kanuni ya namna hiyo haistahili kuambiwa ukweli. Nilijiambia hivyo mchana, na mchana iliingia akilini.

Mashindano ya wilaya yakafanyika Katesh, kwenye uwanja wa shule moja isiyo mbali na soko. Hilo nalo lilinimaliza. Katika mechi ya kwanza niliona kila mtu aliyesimama pembeni ananijua, na wengi walikuwa wananijua kweli. Muuza karanga mmoja akapiga kelele, "Mpeni binti wa maharage!" Nikarusha, nikakosa. Lakini tukashinda. Mechi ya pili tukashinda tena, nikafunga mabao mengi, na kila bao nililoingiza nilisikia nazidi kuingia shimoni. Wenzangu walikuwa wananikumbatia. Ikabaki fainali, na mshindi angekwenda Babati.

Asubuhi ya fainali, tukiwa tunafunga kamba za viatu, madam alikuja akaniambia nimfuate. Hakuwa na hasira, alikuwa na wasiwasi tu, akinishika bega kama mtu anayempeleka mtoto hospitali.

Tukaingia kwenye darasa. Walikuwepo walimu watatu wa kamati ya mashindano nyuma ya meza, na mwenyekiti wao alikuwa mwalimu mzee mwenye miwani. Nikasema shikamooni. Pembeni alikaa mwalimu wa shule tuliyoitoa jana yake, na simu yake ilikuwa mezani. Kwenye kioo niko mimi, Dongobesh, nimeruka na jezi ya njano ya mama wa vitenge.

"Huyu ni wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwenyekiti akachukua fomu yangu akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye pasipoti, mmoja wao akaangua kicheko, na mwenyekiti mwenyewe akavua miwani akafuta macho. Madam wangu alikuwa anaisikia sentensi ile kwa mara ya kwanza. Nikaona mabega yake yakishuka kwa nafuu, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwa sababu niliuona mlango wa kutokea na ulikuwa wazi.

"Sikiliza, binti," mwenyekiti akasema. "Kucheza huwezi, hilo limeisha. Jina lako liko kwenye ligi. Kilichobaki ni shule yako. Kama hukuelewa swali, unatoka wewe peke yako. Kama ulielewa ukanyamaza ukaingia uwanjani, huo ni udanganyifu, inatoka timu yote. Sasa niambie. Umejua lini kwamba nje maana yake ni nje ya shule?"

Nilitazama dirishani. Wenzangu sita walikuwa wanapasha misuli, na yule mrefu wa akiba alikuwa amekaa chini akila muwa, hajui kinachomjia.

"Leo," nikasema. "Hapa hapa."

Wangeniacha. Walikuwa wameshaanza kukusanya karatasi. Lakini yule mwalimu mwenye simu alisema kwamba mwenye timu ana duka hatua chache tu kutoka pale, na yeye kazi ya ligi anaijua, basi aitwe aulizwe kama hakumweleza mchezaji wake. Mtu akatumwa. Tulisubiri. Nilijua kwamba mama yule hajawahi kuninyamazia kosa hata moja. Nikisimama vibaya golini ananisema mbele ya watu. Nilikuwa na hakika kwamba atasema kweli, na kwamba atasema kwa sauti yake ile ile ya uwanjani.

Aliingia na ushungi wake, anahema kwa sababu ya haraka. Akasalimia. Hakuniangalia. Akakubali kwamba mimi ni wake, amenisajili yeye, saini ni yangu.

"Na wewe mama, unazijua kanuni hizi," mwenyekiti akasema. "Kabla ya leo, uliwahi kumweleza huyu kwamba timu yako ni timu ya nje?"

Ndipo akanitazama. Sikutikisa kichwa wala sikumfanyia ishara yoyote. Ningependa kusema niliona aibu kumwomba, lakini ukweli ni kwamba macho yangu yalikuwa yanamwomba vya kutosha.

"Hapana," akasema. "Sikumwambia. Kosa ni langu."

Basi, ikaisha hivyo. Wakaandika kwamba nimeondolewa na shule iendelee. Mwenyekiti akamwomba yule mama awe mwangalifu siku nyingine, akaitikia kwa heshima kama mtoto aliyekosa. Madam alitoka mbio kwenda kumvalisha yule mrefu vesti yangu.

Mimi nilimkimbilia mama wa vitenge, nikamkuta amesimama kwenye kivuli cha ukuta wa darasa, ameegemea, jasho linamtoka. Nilikuwa na chupa ya maji mkononi, maji yetu ya mechi. Furaha ilinizidi, sijui hata niliongea nini, nadhani nilisema Mungu ambariki. Nikampa chupa.

"Kunywa, mama. Umechoka."

Aliisukuma taratibu kwa kiganja.

"Nimefunga," akasema. "Nalipa zile siku zangu za Ramadhani."

Nikaishusha chupa. Mimi ni wa kanisani, lakini nimekulia na watu wa Katesh, najua mtu aliyefunga anachunga mdomo wake na mengine zaidi ya chakula.

"Hii ya leo sioni kama inahesabika," akaongeza, sio kwa ukali, kama anayejisemea mwenyewe. "Nitaifunga tena kesho."

Akajitengeneza ushungi, akaniambia nirudi kwa wenzangu, mechi inaanza. Kisha akaondoka kwenda dukani kwake.

Sikurudi mara moja. Filimbi ilipulizwa, nikasikia watu wanashangilia, sikujua wanamshangilia nani. Kesho yake nilikataa chai ya asubuhi, nikakataa makande ya mchana, mama akaleta tena ile dawa ya minyoo. Jua lilipozama nilikula kwa njaa kubwa, na kati ya tonge moja na jingine nikaelewa kwamba huko Katesh, wakati huo huo, yeye pia anafuturu, na kwamba siku niliyoshinda na njaa haikumpunguzia hata saa moja ya yake.