Mawe ya Zahanati

Mama yangu ni balozi wa nyumba kumi huko kwetu Kisiba, na alikuwa mwanachama kabla mimi sijazaliwa. Habari za chama sikuzipata vitabuni. Nilizipata jikoni, yeye akimenya ndizi na kusimulia. Zamani, anasema, chama kilikuja kwa miguu. Viongozi walifika na matope hadi magotini, wakala ndizi zetu, wakalala kwetu, wakauliza tunakosa nini. Walisema lengo ni watu kuwa sawa na kujitegemea. Mama aliyaamini maneno hayo kama alivyouamini ubatizo wake, na mpaka leo ukikisema vibaya chama umemsema yeye.

Siku hizi kinakuja kwa magari, vioo vimefungwa. Mimi ni mwalimu Tukuyu mjini, nimepanga Ibighi, na magari hayo huyaona yakipita na spika zake yakitangaza utekelezaji. Utekelezaji wa nini? Kijijini kwetu hakuna zahanati. Mke wa kaka yangu alishikwa na uchungu wakati wa mvua, bodaboda ikakwama kwenye utelezi, akajifungulia kwenye migomba ya watu. Mtoto hakulia. Mama ndiye aliyempokea, akamfunika kwa kitenge cha chama kwa sababu ndicho alichokuwa amejifunga.

Baada ya msiba ule aliwakusanya wanawake wa shina lake, wakaanza kusomba mawe mtoni. Kwetu jambo likishakuwa la wote, wanawake huenda pamoja, ngata kichwani, na anayebaki nyumbani bila sababu ajue kwamba siku akifiwa atapika peke yake. Kwa hiyo walikwenda wote, hata wasio na kadi ya chama. Lundo likakua kando ya barabara, na kila aliyepita aliambiwa kuwa ni la zahanati.

Jumapili moja walitoka kanisani wakakuta lundo halipo. Lori lilikuwa limekuja ibada ikiendelea, mawe yakapelekwa kujengea msingi wa ofisi ya tawi la chama.

Mkutano wa tawi ulipoitishwa nilimsindikiza mama. Alisimama akashukuru kwanza, kama adabu yetu inavyotaka.

"Ndaga, viongozi wangu. Mawe yale tuliyabeba kwa ajili ya wajukuu zetu. Naomba yarudi."

Katibu, kijana aliyeletwa kutoka mbali na viatu vyake vilivyochongoka, alicheka. "Mama, usiwe na haraka. Kwanza chama kishike dola, zahanati itafuata."

Kishike dola! Chama hiki sijawahi kukiona kikiiachia dola hata kwa dakika moja. Watu wakapiga makofi, na wanawake waliobeba mawe yale wakapiga pia, viganja vikiwa bado na michubuko. Hilo linaniuma kuliko kicheko cha yule kijana.

Njiani nilimwambia mama airudishe kadi ya chama. Akasimama katikati ya barabara.

"Nimrudishie nani? Chama ni mimi. Yule kijana ni mgeni, amekuta nyumba imeshajengwa."

"Mgeni huyo ndiye mwenye funguo, mama."

Kesho yake alichukua ngata akashuka tena mtoni na magoti yake mabovu, na wenzake wakamfuata. Mimi nikarudi mjini na hasira zangu, ambazo hazikubeba hata jiwe moja.

Kuna kundi la wasapu la kata, la viongozi na watumishi wa serikali. Mimi niliingizwa humo bila kuulizwa. Jioni moja ikatumwa picha ya mama yangu, jiwe kichwani, mishipa ya shingo imemtoka. Chini yake katibu ameandika kwamba wananchi wa Kisiba wameitikia wito, na kwamba zahanati, moja ya malengo makuu ya chama, imeanza kujengwa kwa kasi. Yakafuata makofi na madole gumba, mengi kutoka kwa watu ambao sikuwaona kwetu hata siku tulipomzika yule mtoto.

Mwisho wa wiki nilimpelekea mama simu aione. Aliisogeza mbali na macho, akaniomba nimsomee. Nikasoma. Akasema nirudie.

"Andika hapo chini," alisema. "Andika, mimi balozi nauliza, mawe ya kwanza yako wapi?"

Nikaandika kama alivyosema, nikatuma. Akaiweka simu mapajani, akakaa wima kwenye kigoda chake kusubiri, kama mtu aliyepeleka hoja kwenye kikao halali. Nilipoichukua niangalie, tulikuwa tumeshaondolewa kwenye kundi.

"Wanasemaje?" akaniuliza.